Mkienda Ngosi, Mwendo ni wa Aliye Nyuma

Wadogo zangu, likizo ikikaribia, swali huwa ni lile lile: dada, safari hii twende wapi, na mfuko wenyewe ndio huu? Leo nawaelekeza Rungwe, mkoani Mbeya, kwenye Ziwa Ngosi. Ni ziwa la kasoko katika milima ya Uporoto: zamani volkano ililipuka, kilele kikatitia, maji yakajaa humo ndani. Lina urefu wa takribani kilomita mbili na nusu, na wenyeji watawaambia kwamba ukilitazama kutoka juu limekaa kama ramani ya Afrika.

Kufika si kazi. Pandeni gari linalotoka Mbeya kwenda Tukuyu, mwambieni kondakta awashushe njia panda ya Ngosi, halafu bodaboda iwapeleke hadi msitu unapoanzia. Msitu huo ni hifadhi, kwa hiyo kiingilio kinalipwa, na kiongozi mchukueni hata kama kuna aliyewahi kufika. Yeye anajua wapi njia imeporomoka juzi. Pataneni bei kabla hamjaanza kupanda, na chenji muwe nayo mkononi, maana mtandao wa simu milimani si wa kutegemea.

Sasa tuongee mavazi. Rungwe ni nchi ya mvua, na Uporoto ni nchi ya baridi. Miezi ya Juni mpaka Oktoba njia inakauka kidogo, lakini Juni na Julai baridi yake inauma. Sweta na koti la mvua ni lazima. Miguuni vaa raba yenye meno au buti, usinidanganye kwamba utapanda na ndala. Njia ni udongo mweusi na mizizi, ikinyesha kidogo tu inateleza kweli kweli. Beba maji, ndizi, karanga. Beba na taulo za kike hata kama siku zako bado, na mfuko wa kurudishia ulichotumia, kwa sababu humo njiani usitarajie choo.

Mkiwa msituni, tembeeni huku mkitazama. Utaona migomba mwitu yenye majani makubwa kuliko ya bustanini kwenu, na mbega wakirukaruka juu ya miti. Mwombe kiongozi akutafutie kinyonga wa Uporoto. Dume lake lina pembe tatu usoni, na kinyonga huyu hapatikani kokote duniani nje ya Tanzania. Mkimwona, mwacheni kwenye tawi lake. Mkimpokezana mikononi kwa ajili ya picha, anateseka.

Ukifika ukingoni, huenda ukakuta ukungu mtupu. Usikasirike ukageuka. Kaa, vaa sweta, kula ndizi yako. Ukungu wa milimani huja na kuondoka, na ukifunguka utayaona maji chini kabisa, ya kijani, yamezungukwa na kuta za msitu pande zote. Inatosha. Kuteremka hadi majini ni jambo jingine: ni mteremko mkali, wa kushikilia mizizi, na kila hatua ya kushuka utailipia wakati wa kupanda. Kiongozi akisema leo hapashukiki, neno lake ndilo la mwisho.

Na kuogelea, hapana. Maji ni ya kina, ni baridi, na ukizidiwa mle hakuna wa kukufikia haraka. Isitoshe, volkano hii haijapoa kabisa. Gesi ya kaboni dioksaidi hupenya kutoka ardhini, na gesi hiyo ni nzito, hutuama mabondeni bila harufu. Tena hakuna mto unaoingia ziwani wala unaotoka, kwa hiyo chupa mtakayoitupa mwaka huu wajukuu wenu wataikuta. Kila mlichopanda nacho kishuke nanyi.

Lakini lililonifanya niandike ni hili. Katika kila kundi yupo mmoja ambaye pumzi yake ni fupi. Ametoka Dar, usawa wa bahari, na hapa yuko juu ya mita 2,000. Au ana pumu, au amejifungua mwaka huu, au ni mwili wake tu. Wenzake wanatangulia, wanamsubiri, akifika tu wanaondoka tena, hivyo wao wamepumzika na yeye hajapumzika hata mara moja. Naye anaona aibu kusema. Wadogo zangu, huo si urafiki. Aliye mzito wa kutembea mtangulizeni, akae nyuma ya kiongozi, wote mfuate mwendo wake. Anzeni asubuhi mapema ili msiwe na sababu ya kumharakisha.

Nawe ambaye ndiye huyo, sema mapema, kabla ya kupanda. Kifua kikibana, kichwa kikizunguka, sema hapo hapo. Hujawaharibia wenzako safari. Ziwa lipo, litakuwepo hata mwakani. Na ikibidi mmoja arudi, asirudi peke yake. Mlipanda pamoja, shukeni pamoja, kisha kaeni mpange siku ya kurudi.