Schulpforta: shule ya wakfu, na mzazi anachopaswa kujua kuhusu gimnasia ya Kijerumani

Mzazi anayehamia Ujerumani na watoto hukutana mapema na jambo ambalo kwao hakulizoea. Mtoto hajamaliza hata miaka 10, na tayari walimu wanauliza ataendelea na shule ya aina gani. Elimu ya msingi katika majimbo mengi ni miaka 4, isipokuwa Berlin na Brandenburg ambako ni miaka 6. Baada ya hapo watoto hutengana: wanaoelekea chuo kikuu moja kwa moja huingia gimnasia, wengine hupelekwa shule zilizo karibu zaidi na ufundi na kazi, na wapo wanaosoma katika shule za pamoja zinazobeba wote. Majimbo ni 16 na kila moja lina sheria zake za elimu, kwa hiyo ushauri wa ndugu aliye Bavaria huenda usimfae aliye Hamburg.

Ili kuielewa gimnasia, nimeona tuitazame moja kwa karibu. Nimeichagua Schulpforta, iliyo bondeni mwa mto Saale karibu na mji wa Naumburg, katika jimbo la Sachsen-Anhalt. Ni shule ya bweni na huchuja wanafunzi, jambo ambalo gimnasia nyingi hazilifanyi. Lakini historia yake inajibu vizuri swali ambalo kila mzazi huuliza kwanza: nani analipa?

Pale palikuwa na monasteri. Watawa wa shirika la Sisterisia walifika mwaka 1137, wakajenga kanisa, wakachimba mfereji wa kuyaleta maji ya mto na wakapanda mizabibu. Baada ya karne nne walikuwa na mashamba na misitu mingi. Matengenezo ya Kanisa ya Martin Luther yalipoenea, monasteri ikafungwa mwaka 1540, na mali yote hiyo ikabaki mikononi mwa mtawala. Moritz, mtawala wa Saxony, mwaka 1543 aliamuru zianzishwe shule tatu katika nchi yake. Pforta ilipewa nafasi 100 za wavulana, wafundishwe na kulishwa kwa miaka 6 bila malipo, gharama zitoke kwenye mapato ya mashamba ya watawa. Ardhi iligeuka wakfu wa elimu. Watawala wakapita, vita vikapita, lakini shamba liliendelea kuzaa na mtoto akaendelea kula. Naamini hilo limeilinda shule kuliko sifa ya mwalimu yeyote. Mpaka leo upo wakfu wenye jina la Schulpforta, unaomiliki mashamba na misitu.

Wakfu huo ulifungua mlango kwa watoto ambao vinginevyo wasingevuka kizingiti. Friedrich Nietzsche, aliyekuja kuwa mwanafalsafa mashuhuri, aliingia mwaka 1858 akikaribia miaka 14, mtoto wa mchungaji aliyefariki mapema, akasoma kwa ufadhili hadi mwaka 1864. Kigiriki na Kilatini alivimudu vizuri sana. Hisabati ilimpiga chenga mpaka mwisho. Kabla yake alipita Johann Gottlieb Fichte, mwanafalsafa mwingine, mtoto wa mfumaji wa utepe kutoka kijiji cha Rammenau, ambaye kabaila mmoja alimsomesha baada ya kusikia kwamba anaweza kuyakariri mahubiri ya Jumapili.

Kisa cha Fichte kinafaa kusimuliwa kwa urefu, kwa sababu kinagusa jambo linalowanyima usingizi wazazi wa watoto wa bweni. Alifika mwaka 1774 akiwa na miaka 12. Desturi ilikuwa kila mdogo awekwe chini ya mwanafunzi mkubwa wa kumwongoza. Aliyempata yeye alikuwa mkorofi, akamtesa. Masimulizi ya familia yake yanasema kijana alitoroka, akiwa amejaa ndoto za Robinson Crusoe na kisiwa chake. Njiani alikumbuka wazazi, akarudi mwenyewe, akamweleza mkuu wa shule kila kitu. Hakuadhibiwa. Alihamishiwa kwa mkubwa mwingine mwenye roho nzuri, akamaliza masomo. Mkuu yule alifanya linalopaswa kufanywa mpaka leo: alimsikiliza mtoto, kisha akabadilisha mpango badala ya kumlaumu aliyeteswa.

Sipendi kuipamba historia. Kwa karne nne shule ilikuwa ya wavulana tu. Ilitoa pia watumishi wa dola: Theobald von Bethmann Hollweg, Kansela wa Ujerumani mwaka 1914 wakati Tanganyika ikiwa koloni la Wajerumani, alikuwa mwanafunzi wake. Mwaka 1935 Wanazi waliigeuza kuwa moja ya shule zao za kulea viongozi, na mafunzo ya kiaskari yakachukua nafasi ya fikra huru. Baada ya 1945 ikawa chini ya serikali ya kikomunisti ya Ujerumani Mashariki. Tangu nchi ilipoungana mwaka 1990 ni gimnasia ya umma ya jimbo, ya wasichana na wavulana.

Leo inapokea wanafunzi kuanzia darasa la 9 hadi la 12, wote wakiishi bwenini. Mwombaji huchagua mkondo mmoja kati ya mitatu: lugha, muziki, au sayansi asilia, na lazima afanye mtihani wa kuingia. Masomo hayana karo, kama ilivyo katika shule zote za umma za Ujerumani. Kinacholipiwa ni malazi na chakula. Kwa kuwa safari inaanzia darasa la 9, maulizo yaanze mtoto akiwa darasa la 8 au mapema zaidi. Familia yenye kipato kidogo iulize moja kwa moja kuhusu msaada wa gharama za bweni. Kuuliza si aibu. Shule ilianzishwa ikiwalisha watoto bure.

Sasa alama. Katika shule za Ujerumani, kama daraja la kwanza la mitihani ya Tanzania, namba ndogo ndiyo nzuri: 1 ni bora, 4 ni ya kupita, 5 na 6 ni kuanguka. Katika miaka miwili ya mwisho hutumika pointi, kutoka 0 hadi 15, na hapo kubwa ndiyo nzuri, kwa hiyo usichanganye ripoti hizo mbili. Cheti cha kumaliza, Abitur, huhesabiwa kwa pointi zisizozidi 900, na 600 kati ya hizo hutoka kwenye kazi za miaka hiyo miwili. Mitihani ya mwisho hubeba 300 tu. Mzazi aliyezoea kwamba mtihani wa kidato cha nne au cha sita ndio unaoamua yote, aliangalie hili kwa makini. Mtoto hawezi kulala miezi 20 kisha akakesha wiki tatu akaokoka.

Kuna jambo moja watoto wetu huumia nalo bila kujua. Mwalimu wa Kijerumani hutoa alama kwa mchango wa mdomo darasani: kunyoosha mkono, kuuliza, kupinga hoja kwa adabu. Mtoto aliyelelewa kunyamaza mbele ya mkubwa anaweza kuandika vizuri kwenye majaribio na bado ripoti ikashuka, kwa kuwa mwalimu amesoma ukimya wake kama kutojali. Mweleze mapema kwamba huko kumuuliza mwalimu si utovu wa heshima. Siku ya wazazi, muulize mwalimu wa kila somo ni sehemu gani ya alama inatokana na kuzungumza, na mwanao yuko wapi katika hiyo.

Kwa shule ya bweni, ongeza maswali mengine: nani anakesha na watoto usiku, mtoto anarudi nyumbani lini, na akionewa na mwenzake anamwendea nani kwanza. Swali hilo la mwisho liulize mtoto akiwapo, asikie jibu mwenyewe na amwone mtu huyo kwa sura.