Ugonjwa Ukiingia, Pombe na Sigara Huenda Wapi?

Ndugu wasomaji wa Mbuchi na vijiji vingine vya delta, somo letu la leo ni pombe na sigara wakati wa ugonjwa mkubwa. Hatukuja kuhubiri. Kazi hiyo ina wenyewe, nao wanaifanya vizuri. Sisi tunataka kujua jambo moja tu: ugonjwa unapoingia nchini, mnywaji na mvutaji hubadilika namna gani?

Kwanza neno lenyewe. Janga la ugonjwa ni ugonjwa unaoenea nchi nyingi kwa wakati mmoja. Korona ilikuwa hivyo. Shirika la Afya Duniani liliiita janga la dunia tarehe 11 Machi 2020. Siku tano baadaye Tanzania ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza, huko Arusha. Shule zikafungwa, ndoo za kunawia zikawekwa milangoni. Wazee wetu walikwisha kuona mambo ya namna hii katika kipindupindu cha mwaka 1977 na 1978. Mpaka leo, kipindupindu kikiingia mahali, mara nyingi maafisa wa afya huzuia vilabu kuuza pombe za kienyeji.

Sasa tuwatazame majirani. Kenya ilifunga baa Machi 2020 mpaka mwishoni mwa Septemba mwaka huo. Uganda ilifunga mwezi huo huo wa Machi, ikaja kufungua Januari 2022. Karibu miaka miwili! Je, watu walikaa miaka miwili bila kunywa? Wapi! Wengine waliacha, ni kweli. Lakini wengine walinywea nyumbani, na baa nyingine ziliuza kwa mlango wa nyuma huku polisi wakiwakimbiza.

Afrika Kusini ilikwenda mbali zaidi. Kuanzia tarehe 27 Machi 2020 ilizuia pombe pamoja na sigara. Sigara hazikuuzwa kwa halali mpaka tarehe 18 Agosti. Wako walioacha kabisa, nasi tunawapongeza. Lakini wavutaji wengi waliendelea kununua za magendo, kwa bei ya juu sana. Pombe nayo ilifunguliwa na kufungwa mara kadhaa. Madaktari wa huko waliona kitu: pombe ikizuiwa, majeruhi wa visu, ngumi na magari hupungua hospitalini, ikirudi, nao hurudi. Kwa hiyo tusiseme kwamba kuzuia hakusaidii. Kunasaidia, ila hakumalizi kazi.

Tukienda Ulaya tunajifunza jambo jingine. Mwaka 2020 wataalamu waliwauliza watu wa nchi 21 za huko kuhusu unywaji wao. Kwa jumla watu walikuwa wamepunguza, maana sherehe na baa hazikuwapo. Lakini wenye dhiki na wasiwasi hawakupunguza sana kama wenzao. Huko Uingereza, pamoja na Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini, watu 7,565 walikufa mwaka 2019 kwa magonjwa yanayoletwa na pombe yenyewe. Mwaka 2020 walikufa 8,974. Toa hesabu hiyo, ndugu msomaji, uone walizidi wangapi.

Mbona wanywaji walipungua lakini vifo vikazidi? Jibu ni kwamba wanywaji si wa namna moja. Yuko anayekunywa kwa ajili ya watu: harusi, mpira, maongezi. Watu wakitawanyika, naye huacha. Na yuko anayekunywa kwa ajili ya pombe yenyewe, au kwa ajili ya mawazo yaliyomjaa kichwani. Huyo, baa ikifungwa, hubeba chupa yake kwenda nayo ndani.

Hapo ndipo tunapotaka tukae kidogo. Klabuni kuna macho ya watu. Mtu akizidisha, wenzake humwambia, "Basi ndugu, leo imetosha, nenda kalale." Nyumbani nani atamwambia? Mkewe akisema, huenda akapigwa. Watoto nao wamekaa hapo hapo, shule zimefungwa, hawana pa kukimbilia. Pesa ya unga inakwenda, na hakuna jirani anayejua. Hivyo serikali ya kijiji inapofunga klabu kwa sababu ya ugonjwa, inafanya vyema, lakini mwenyekiti wa kitongoji apite pia majumbani kuuliza hali. Na mtoto anayeteswa ana haki ya kusaidiwa: simu namba 116 hupigwa bure.

Wakati wa janga uvumi nao huwa mwingi. Aprili 2020 aliyekuwa gavana wa Nairobi, Mike Sonko, alisema anatia chupa za Hennessy katika msaada wa chakula ili zisafishe koo. Shirika la Afya Duniani lilikuwa limekwisha kusema wazi kwamba kunywa pombe hakumkingi mtu na korona. Na wenye kampuni hiyo wenyewe walikana! Dawa ya kupaka mikononi ina spiriti, ni kweli, nayo huua vijidudu juu ya ngozi. Lakini pombe ukiimeza huingia katika damu na kulichosha ini. Haiendi kufagia mapafu.

Huko Irani, miezi hiyo hiyo, mamia ya watu walikufa kwa kunywa spiriti ya sumu inayoitwa methanoli, wengine wakidhani ni kinga. Wengine walipofuka. Gongo nayo ina hatari hiyo kama muuzaji ameichanganya na spiriti ya viwandani, maana kwa macho huwezi kuitambua. Mtu akinywa, kisha akaona ukungu machoni au akatapika sana, msimwache alale "itoke yenyewe". Mpelekeni kwenye matibabu upesi. Kwetu kwenye maji hilo lina maana ya kutafuta mtumbwi mara moja, si kungoja kesho.

Tuje kwenye sigara. Ndani ya njia za hewa kuna vinyweleo vidogo sana vinavyosukuma uchafu nje, kama ufagio. Moshi huvilegeza, uchafu ukabaki. Ndiyo maana wavutaji walioshikwa na korona waliugua vibaya zaidi kuliko wengine. Tena kuna ile desturi yetu: watu wanne wanangoja maji yajae ili waondoe mtumbwi, sigara ni moja, inapita mdomo kwa mdomo. Kata ya tembo nayo hivyo hivyo. Hapo mate yanasafiri bila nauli. Na mvutaji akiambiwa abaki nyumbani, moshi nao hubaki nyumbani. Mtoto mchanga hajanunua sigara, lakini anaivuta.

Sasa hesabu. Tuseme sigara moja ni shilingi 200, na mtu anavuta 6 kwa siku. Hiyo ni shilingi 1,200. Kwa siku 30 ni shilingi 36,000. Kwa mwaka wa siku 365 ni shilingi 438,000. Kama bei ya dukani kwenu ni nyingine, weka hiyo ufanye upya.

Anayetaka kuacha afanyeje? Kiu ya sigara huja kwa nguvu, lakini haikai. Baada ya dakika chache hupungua. Unywe maji, utembee, ushike nyavu, dakika hizo zipite. Mwaka 2020 Ramadhani iliangukia katikati ya korona, mwishoni mwa Aprili. Mvutaji aliyefunga alikaa tangu alfajiri mpaka magharibi bila moshi. Basi huyo ameshajua kwamba anaweza saa 13. Zilizobaki ni za usiku. Mwambie mwenzako ili akuangalie.

Kwa pombe kuna tahadhari. Mtu aliyezoea kunywa sana kila siku akiacha ghafla, anaweza kutetemeka, kuona vitu visivyokuwapo, hata kuanguka degedege. Watu husema karogwa. Hakurogwa, mwili umezoea pombe. Aende zahanati kwanza, apunguze kwa ushauri wa mganga.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Wakati wa korona, nani hapa kijijini alipunguza pombe au sigara, na nani alizidisha? Msitaje majina, semeni sababu.

2. Klabu ikifungwa, pombe inahamia wapi hapa kwetu?

3. Fanyeni hesabu ya sigara ya mwaka mmoja kwa bei ya hapa. Pesa hiyo ingenunua nini?

4. Mtu akinywa gongo ya sumu usiku, maji yamekupwa, mtamfikishaje kwenye matibabu? Kubalianeni nani ana mtumbwi na nani atapiga kasia.