Sola ya Kulipia Kila Siku: Piga Hesabu Kabla ya Kutuma Pesa

Ushatuma malipo ya kwanza, halafu saa mbili usiku taa zinazima. Tusifike huko.

1. Matumizi. Zidisha wati kwa saa. Balbu 4 za wati 5 kwa saa 5: 100. TV ya wati 30 kwa saa 4: 120. Jumla 220.

2. Betri. Volti 12 mara Ah 50 ni 600. Betri ya asidi usiishushe chini ya nusu, kwa hivyo una 300. Inatosha.

3. Paneli. Gawanya 220 kwa saa 4 za jua kali: wati 55. Chukua 80, maana mawingu na vumbi hupunguza stima.

4. Bei. Sh60 kwa siku 500 ni Sh30,000, bila malipo ya kwanza. Linganisha na bei ya keshi, ndio utume.