YOGA GANI INAKUFAA?

Likizo ya Agosti iliyopita nilipata funzo ambalo naona si vyema kulificha.

Hapa kwetu Kisaju, mtungi wa maji wa lita 20 hubebwa mgongoni asubuhi, na jioni unaurudia. Mgongo wangu ulipoanza kuuma, binamu yangu alinishawishi twende darasa la yoga mjini Kitengela. Nikaabiri matatu nikidhani yoga ni moja tu, kama ugali ulivyo ugali.

Kumbe wapi! Mwalimu alikwenda mbio: inama, simama, ruka nyuma. Hakuuliza ni nani ana maumivu, nami kwa kuona haya sikusema. Nilirudi nyumbani nikitembea kama ajuza, na kwa wiki mbili mama ndiye aliyebeba mtungi wangu. Hilo liliniuma kuliko mgongo wenyewe.

Basi nikaanza kusoma na kuuliza. Neno yoga latoka Kisanskriti, lugha ya kale ya India, na maana yake ni kuunganisha. Mitindo kadhaa ya leo ina chimbuko kwa T. Krishnamacharya, aliyefundisha mjini Mysore miaka ya 1930. Tazameni jinsi mitindo inavyotofautiana:

1. Hatha: Katika madarasa mengi ya jina hili, mikao hufanywa polepole, kwa mapumziko. Humfaa anayeanza.

2. Iyengar: Ulienezwa na B.K.S. Iyengar (1918–2014), mwanafunzi wa Krishnamacharya. Mkao hushikiliwa kwa muda, na kila kiungo huwekwa mahali pake. Matofali, mikanda na viti hutumiwa kumsaidia asiyefika.

3. Ashtanga: Huu ni wa K. Pattabhi Jois (1915–2009), mwanafunzi mwingine wa mwalimu yule yule. Mikao hufuatana kwa mpangilio usiobadilika, nawe hutoka jasho kwelikweli.

4. Vinyasa: Mikao huungana na pumzi kama ngoma, lakini mwalimu hupanga mfuatano apendavyo. Nadhani huu ndio ulionikomesha.

5. Bikram: Mikao 26 katika chumba chenye joto la nyuzi 40 hivi, kwa dakika 90. Asiyezoea joto ajihadhari.

6. Yin: Unakaa au kulala chini, na mkao mmoja huchukua dakika kadhaa. Ni mtulivu, lakini si rahisi kwa asiye na subira.

Msidhani haya ni mambo ya ng'ambo tu. Shirika la Africa Yoga Project lilianzishwa Nairobi mwaka 2007, na limewafunza vijana wengi, wakiwemo wa mitaa ya mabanda, hadi wakawa walimu na kupata riziki.

Mama naye aliniuliza, "Na hiyo yoga si ibada ya watu, mwanangu?" Swali zuri. Yoga ilikua pamoja na dini za India, na baadhi ya madarasa huimba maneno ya Kisanskriti. Mengine ni mazoezi ya viungo na pumzi tu. Kwa hivyo uliza kabla hujalipa.

Uliza pia haya: Darasa ni la wanaoanza? Mwalimu amefunzwa wapi? Naweza kupumzika nikichoka? Kisha umwambie mwalimu maradhi yako yote bila haya. Ukisikia maumivu makali, acha papo hapo. Mwenye jeraha, mjamzito au mgonjwa wa moyo amwone daktari kwanza.

Muuguzi wa zahanati aliponiruhusu, nilirudi Kitengela, safari hii kwa darasa la hatha. Mwalimu aliuliza, nami nikajibu. Sasa nabeba maji tena, ila nimeacha kujaza mtungi pomoni. Naenda safari mbili.

Naam, wahenga hawakukosea: kuuliza si ujinga. Mimi nilinyamaza, na mama yangu ndiye aliyelipa.

Mwanachama, Kidato cha 3