Somo la Mwezi Huu: Kulirudisha Shamba Ulilokodisha



Katika ofisi ya kilimo ninakofanya kazi ya ukarani, watu huja kuuliza habari za mbegu, mbolea na magonjwa ya ng'ombe. Lakini kila mwaka, mahindi yanapofika magotini, huja watu wa namna nyingine. Hao husimama mlangoni, kofia mkononi, kisha husema, "Karani, nina watu shambani mwangu, na hawasikii tena neno langu."

Mmoja wao alikuwa mama mjane, mwenye ekari tano katika skimu moja ya Trans Nzoia. Mwezi wa Machi alikodisha ekari tatu kwa ndugu wawili ili apate karo ya watoto. Walipatana kwa mdomo tu: walime mahindi, msimu mmoja, walipe nusu ya kodi mwanzo na nusu mwezi wa Juni, kisha watoke baada ya mavuno. Kufikia Julai nusu ya pili haijaonekana. Mtu wa tatu asiyejulikana alikuwa amejenga kibanda penye mpaka. Trekta yao ilikuwa imekata tuta ambalo marehemu mumewe alilichimba kwa jembe. Tena walikuwa wamepanda miche ya mikalitusi karibu na kijito.

Usiku mmoja mwanawe alichukua panga ili akafyeke mahindi yale yote. Mama alisimama mlangoni akamzuia. Asubuhi yake akaja ofisini. Leo nataka tujifunze kutokana na shauri lake, maana jambo hili laweza kumpata yeyote kati yetu.

1. Usishike panga

Kama mama yule angalimwachia mwanawe, kesho yake angalikuwa yeye ndiye mshtakiwa. Mahindi yale yalipandwa kwa ruhusa yake, kwa mbegu na mbolea ya wale ndugu. Mwenye shamba hana ruhusa ya kufyeka mazao ya mpangaji, kubomoa kibanda chake, kumfungia njia wala kumkamatia ng'ombe. Ukifanya hivyo, haki yako yote hupotea machoni pa watu, na hasara ya mazao huweza kurudi kwako. Hasira hasara, walisema wazee wetu.

2. Jua mlipatana nini

Kabla ya kumwambia mtu atoke, kaa chini ujiulize: je, tulipatana muda gani? Kama mlitaja msimu au tarehe, muda huo ndio unaotawala. Kama hamkutaja muda wowote, usifikiri kwamba waweza kumtoa kesho. Kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012, ukodishaji usio na muda huhesabiwa kuwa wa kipindi kwa kipindi, na kwa shamba la kilimo kipindi hicho ni miezi sita. Anayetaka kuumaliza humpa mwenzake notisi isiyopungua kipindi hicho, nayo notisi imalizike siku ambayo kodi hulipwa.

Tena liko jambo ambalo wengi hawapendi kulisikia. Sheria ya Udhibiti wa Ardhi ya mwaka 1967 yasema kwamba kukodisha shamba la kilimo katika eneo linalosimamiwa na bodi ya ardhi ni lazima kupate kibali cha bodi. Ombi hupelekwa kabla ya miezi sita kupita tangu mlipopatana. Bila kibali mkataba ni bure, na aliyelipa aweza kudai fedha zake zirudishwe kama deni. Kupokea fedha au kukaa shambani kwa kufuata mkataba uliobatilika hivyo ni kosa.

Mama yule hakuwa amekwenda kwenye bodi. Nilimwambia wazi kwamba, ingawa wale ndugu walikuwa wamemkosea, yeye naye hakuwa na mikono safi. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Basi nielekeze njia." Mtu akikubali kosa lake, nusu ya shauri imekwisha.

3. Sema naye mbele ya watu, kisha andika

Jambo la kwanza ni kumwita mpangaji mzungumze mchana, mbele ya wazee wawili au mbele ya naibu wa chifu. Taja makosa moja moja bila matusi. Mpangaji mgeni pengine hajui kwamba tuta lile ndilo linalozuia udongo usiende mtoni. Kumweleza hakukupunguzii kitu.

Maneno yasipofaa, andika barua. Kwa mpangaji aliyevunja masharti kabla ya muda wake kwisha, sheria yataka notisi ya maandishi isiyopungua siku 30, inayotaja kosa lenyewe na kumpa nafasi ya kulitengeneza. Mfano ni huu:

"Kwa Bwana (jina). Tarehe (andika). Tulipatana kwamba utalima mahindi katika ekari tatu za shamba langu namba (andika) mpaka mwisho wa Novemba. Umevunja mapatano haya: (1) hujalipa nusu ya kodi, (2) umekata tuta, (3) umepanda miti, (4) umemweka mtu mwingine bila ruhusa yangu. Nakupa siku 30 tangu siku ya kupokea barua hii ulipe, utengeneze tuta, ung'oe miti na umwondoe mtu huyo. Usipofanya hivyo nitapeleka shauri mahakamani. Sahihi yangu. Sahihi za mashahidi wawili."

Andika nakala tatu: moja ya mpangaji, moja yako, moja ya ofisi ya chifu. Mpangaji atie sahihi kwamba ameipokea. Akikataa, mashahidi waandike kwamba waliona akipewa.

Akitengeneza makosa yote katika muda ule, mwache amalize msimu wake. Asipotengeneza, shauri ni la Mahakama ya Mazingira na Ardhi, au la hakimu aliyepewa uwezo wa kusikiliza kesi za ardhi. Tafuta wakili kabla ya kwenda huko. Chifu husuluhisha; hana uwezo wa kutoa amri ya kumfukuza mtu.

4. Maliza pamoja na mavuno

Mahindi ya nyanda za juu hupandwa Machi au Aprili, na huvunwa Oktoba au Novemba. Ukimwambia mtu atoke Agosti, umemwambia aache jasho lake shambani, naye atapigana. Ukimwambia atoke siku 14 baada ya kuvuna, umempa njia ya kutoka kwa heshima.

Hivi ndivyo shauri la mama lilivyokwisha. Mbele ya naibu wa chifu wale ndugu walikubali kung'oa miche, ambayo ilikuwa ingali midogo. Mtu wa tatu aliondoka. Deni la kodi walikubali kulilipa kwa magunia ya mahindi siku ya kupukuchua, mbele ya mashahidi wale wale. Novemba wakapima, wakalipa, wakapakia, wakaenda zao. Tuta walilitengeneza nusu tu. Nusu iliyobaki mama na wanawe waliichimba wenyewe mwezi wa Januari, wakapanda nepia juu yake.

Muda ukiisha na mpangaji hataki kutoka, angalia mambo mawili. Kwanza, usiendelee kupokea kodi. Sheria yasema kwamba mwenye shamba akiendelea kupokea kodi kwa miezi miwili baada ya ukodishaji kwisha, ukodishaji mpya wa mwezi kwa mwezi huhesabiwa umeanza. Pili, mtu anayekaa katika shamba la mwenyewe bila ruhusa hupewa notisi ya maandishi isiyopungua miezi mitatu kabla ya siku ya kuondolewa, na nakala hupelekwa kwa naibu kamishna wa kaunti na kwa mkuu wa polisi wa eneo. Wala usinyamaze miaka na miaka. Mtu akikaa shambani mwako miaka 12 bila ruhusa yako, waziwazi na bila kusumbuliwa, aweza kwenda mahakamani kudai kwamba shamba ni lake.

5. Kabla ya kukodisha tena

Mama yule hukodisha ekari moja tu siku hizi, na kwa karatasi. Yakupasa kuandika mambo haya:

(a) Majina, namba ya shamba, na ekari ngapi, zikipimwa kwa kamba na kuwekewa vigingi.

(b) Siku ya kuanza na siku ya kumaliza.

(c) Kodi ni kiasi gani na hulipwa lini.

(d) Zao gani litapandwa. Miti na miwa isipandwe katika shamba la msimu mmoja, maana miwa hukaa zaidi ya mwaka mmoja, na ikikatwa huchipuka tena.

(e) Matuta yasikatwe, mabua yasichomwe, na kijito kisilimwe kandokando.

(f) Mpangaji asimpangishe mtu mwingine.

Mwonyeshe mkeo au mumeo karatasi hiyo kabla ya kutia sahihi. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 yataka wote wawili wakubali kabla ya mali ya ndoa kukodishwa. Na kama deni la shamba lako la skimu bado halijamalizika, soma masharti ya barua uliyopewa, kisha uulize ofisi ya makazi kabla ya kupokea hata shilingi moja.

Tangu mwaka 1962, skimu za ekari milioni moja zilipoanza, familia nyingi zimelipia udongo huu kwa miaka mingi. Kodi ya msimu huliwa ikaisha. Udongo ukichukuliwa na mvua kupitia tuta lililokatwa, hakuna barua itakayourudisha. Kwa hiyo kazi ya kumtoa mpangaji vizuri huanza siku ile ya kumwingiza.

Maswali ya kujijaribu

1. Kwa nini haifai kufyeka mazao ya mpangaji aliyekukosea?

2. Notisi ya kuvunja masharti isipungue siku ngapi, nayo itaje nini?

3. Mama mjane alikosa nini alipokodisha shamba lake mara ya kwanza?

4. Je, karatasi ya ukodishaji wako iko wapi sasa? Kama huna, nenda ukaiandike kabla ya mvua.