Nani Alifunga Nyuzi za Kinubi cha Daudi?

Masomo: 1 Samweli 16:14-23, 1 Wafalme 10:11-12, 2 Mambo ya Nyakati 34:8-13

Tukisoma 1 Samweli 16 huwa tunamwona Daudi akicheza na Sauli akitulia, kisha tunarukia mahubiri ya upako. Kinubi chenyewe hatukiangalii. Kilikuwa cha mti gani? Uzi ulipokatika, nani alifunga mwingine? Leo tukae na chombo chenyewe, kwa sababu Biblia ina mengi juu yake kuliko tunavyodhani.

Kwanza tuondoe picha moja vichwani. Biblia yetu ya Kiswahili inataja kinubi na kinanda pamoja, kama katika Zaburi 33:2. Sasa mtu wa leo akisikia kinanda anaona kibodi yenye waya inayoingia kwenye soketi! Hapana. Hivyo vilikuwa vyombo vya nyuzi, na hicho kinanda cha Zaburi 33 kilikuwa na nyuzi kumi. Ile kibodi yetu haikuwepo Yerusalemu.

Picha ya pili ni ile ya vitabu vya watoto, Daudi amekumbatia kinubi kirefu cha Ulaya. Kinubi cha namna hiyo nyuzi zake zinapanda moja kwa moja kutoka kwenye kisanduku cha sauti hadi kwenye shingo ya juu. Chombo cha Daudi, ambacho kwa Kiebrania kinaitwa kinnor, kilikuwa cha aina nyingine: kisanduku chini, mikono miwili ikipanda, na kijiti kimelala juu kuiunganisha. Nyuzi zinatoka chini, zinapita juu ya daraja dogo, zinafungwa kwenye kile kijiti. Tunajua hivyo kwa sababu michoro ya kale ipo. Wayahudi walioasi utawala wa Rumi mwaka wa 132 hadi 135 baada ya Kristo walipiga sarafu zenye picha ya chombo hicho, na sarafu hizo zipo hadi leo.

Mkenya akiangalia umbo hilo halioni kuwa geni. Ni jamii moja na nyatiti ya Wajaluo, obokano ya Wakisii na litungu ya Wabukusu. Ukitaka kuona jamaa wa kile kinubi kingine, chenye shingo iliyopinda, vuka mpaka uende kaskazini mwa Uganda ukaone adungu. Huko makanisa mengi yanaimba nayo ibada nzima, kuanzia adungu ndogo za sauti nyembamba hadi ile kubwa ya besi.

Hebu tuangalie nyatiti inavyotengenezwa, maana hapo ndipo utaona kazi. Fundi anaanza na kigogo kimoja. Hajengi kisanduku kwa mbao na misumari. Anachonga kigogo ndani hadi kiwe bakuli. Hapa anahitaji subira, kwa sababu mti mbichi ukikaushwa haraka unapasuka, na bakuli lenye ufa limepoteza sauti kabla halijavaa ngozi. Kisha inakuja ngozi ya ng'ombe au mbuzi. Inalowekwa, inavutwa juu ya bakuli ikiwa bado imelowa, inafungwa kwa nguvu, halafu inaachwa. Inapokauka inajikaza yenyewe. Fundi akiivuta kwa ulegevu siku ile, hakuna maombi yatakayoikaza kesho. Itabidi aifungue, ailoweke tena, aanze upya.

Baada ya ngozi ni mikono, kijiti cha juu, na nyuzi nane. Zamani nyuzi zilikuwa za kano za mnyama. Siku hizi wengi hutumia mshipi wa nailoni, ule ule wa kuvulia samaki ziwani. Nyuzi haziviringishwi kwenye vigingi vya chuma kama gitaa. Kila uzi unazungushwa kwenye kijiti cha juu pamoja na pete ya kitambaa au nyuzinyuzi za mgomba, na mchezaji anaisokota hiyo pete mbele au nyuma mpaka sauti ikubali. Mchezaji mwenyewe anakaa chini kabisa, na kwenye kidole gumba cha mguu anavaa pete ya chuma, oduong'o, ambayo anagonga nayo fremu. Mtu mmoja, na ana ngoma, nyuzi na wimbo pamoja.

Nyuzi za kinubi cha Daudi huenda zilikuwa za matumbo ya kondoo, kama vyombo vingi vya zamani. Utumbo mwembamba unaoshwa, unakwanguliwa mafuta yote, unasokotwa ukiwa umelowa na kukaushwa ukiwa umevutwa. Ni kazi yenye harufu, tuseme ukweli. Lakini mchungaji wa kondoo hakukosa malighafi. Na katika 1 Mambo ya Nyakati 23:5, pale Walawi 4,000 wanapangiwa kumsifu Bwana, Daudi anasema kwamba vyombo vyao amevitengeneza yeye. Awe alichonga kwa mkono wake au alisimamia mafundi, kazi hiyo aliihesabu kuwa yake. Mwanawe Sulemani hakupunguza kiwango. Miti ya thamani iliyoletwa na merikebu za Hiramu kutoka Ofiri aliigawa: mingine ikaenda kwenye nyumba ya Bwana na jumba la mfalme, mingine ikawa vinubi na vinanda vya waimbaji. Mtu yeyote aliyesoma uhasibu ataona kitu hapo. Chombo cha mwimbaji kilikuwa kwenye bajeti moja na jengo.

Sasa tuje kwenye ukarabati, mahali ambapo makanisa yetu huwa yanalala.

Chombo cha nyuzi kinajiharibu chenyewe polepole hata kama hakuna mtu aliyekigusa. Chukua kinubi kikubwa cha okestra. Kina nyuzi 47 na pedali 7, mtambo ambao Sébastien Érard aliukamilisha mwaka wa 1810. Nyuzi zote zikikazwa, mvuto wake kwa pamoja unakaribia tani moja, na mzigo huo unabebwa na ubao mwembamba wa sauti. Miaka ikipita ubao unafura kama tumbo, shingo inajipinda, na mwishowe fundi inabidi atoe nyuzi zote na kubadilisha ubao. Lakini wazia sasa: bila mvuto huo hakuna sauti. Kinachokifanya kiimbe ndicho kinachokichosha. (Wanaohudumu kila Jumapili bila kupumzika, hapo mmenielewa.)

Nyatiti mzigo wake ni mdogo, ila ina adui zake. Mvua ikinyesha wiki nzima ngozi inalegea na sauti inakuwa ya gunia. Jua kali nalo linapasua bakuli na kukausha ngozi hadi inachanika. Panya na wadudu wanaipenda ngozi. Kwa hiyo haiwekwi kwenye stoo ya mabati pamoja na jembe na simenti. Inatundikwa mahali pakavu penye hewa, mbali na jiko na dirisha la jua. Uzi mmoja ukikatika, badilisha mmoja. Ukiona ngozi imechanika pembeni usiipige gundi, tafuta ngozi mpya. Ufa mdogo kwenye bakuli fundi anaweza kuuziba kabla haujafika kwenye ukingo. Ukifika huko, unaongea juu ya bakuli jipya.

Wengine mmeshaanza kuuliza: Mchungaji, unataka tulete nyatiti kanisani? Nyatiti si ya matanga na pombe? Ni swali halali na silipuuzi. Wazee wengi wa Kijaluo hueleza nyuzi nane kwa siku nne za mwanzo wa mtoto wa kiume na siku nne za mwisho za mwanamume, kwa hiyo chombo hiki kimebeba mazishi na mila kwa muda mrefu, na mama au dada hakuruhusiwa kukigusa. Mtu aliyetolewa katika maisha hayo akisikia sauti yake anaweza kurudishwa huko kwa mawazo, na dhamiri yake ni ya kuheshimiwa. Hata hivyo mimi sikubali kwamba kigogo na ngozi vina dhambi. Gitaa limepigwa kwenye mabaa mangapi Nairobi, na mbona tunalipiga? Amosi 6:5 inawakemea matajiri waliobuni vyombo kama Daudi huku wakisahau maangamizi ya ndugu zao. Vyombo vilikuwa vile vile, ila mioyo ilikuwa mingine.

Halafu kuna suala la fundi. Tunaye ndugu anayejua kazi ya mbao na ngozi, na kila mara tunamwambia atengeneze bure kwa ajili ya Bwana, kisha tunalipa fundi wa spika siku hiyo hiyo. Someni 2 Mambo ya Nyakati 34. Mfalme Yosia anakarabati hekalu, fedha zinatolewa kwa maseremala na waashi, na wasimamizi wa wafanyakazi ni Walawi waliokuwa stadi wa vyombo vya muziki. Watu wa sifa walikuwa kwenye kazi za mikono, na fundi alilipwa. 2 Wafalme 22:7 inaongeza kwamba hawakudaiwa hesabu kwa sababu walikuwa waaminifu. (Mweka hazina wetu asichukue mstari huo kama ruhusa.)

Kwa ushirika wa nyumbani wiki hii: kila kikundi kiandike vyombo vyote vya kanisa vilivyo upande wenu, hata vilivyovunjika, na hali ya kila kimoja. Orodha ifike ofisini kabla ya Ijumaa, ili kamati ya fedha itenge kiasi cha matengenezo, na malipo ya fundi yawemo.