Kuwachanganya Vifaranga na Kuku Wakubwa

Anayenunua vifaranga wa mwezi mmoja katika soko la Kibuye siku ya Jumapili hufika nao Nyamasaria jioni akiwa na hamu ya kuwaona wakichakura pamoja na kuku wenyeji kesho yake. Nakusihi, subiri. Kuku wa boma moja wana ngazi zao: kila mmoja anajua nani anaweza kumdona na nani hamgusi. Mnorwe Thorleif Schjelderup-Ebbe alichapisha uchunguzi wake kuhusu ngazi hizo mwaka 1922, ingawa yeyote aliyewahi kumwaga mahindi uani ameziona kwa macho yake. Kifaranga mgeni huanzia chini kabisa, na mwili wake bado haujawa na nguvu ya kustahimili midomo yote hiyo.

Lakini kabla ya midomo, fikiria maradhi. Kuku mkubwa anaweza kubeba vimelea vya kuhara damu bila kuonyesha dalili, kwa sababu mwili wake umeshavizoea. Kifaranga akila chakula kilichochanganyika na kinyesi cha kuku huyo, anaweza kufa katika siku chache. Vimelea hivyo hukomaa penye unyevu, na sisi tunaoishi tambarare ya Kano tunajua udongo wetu mweusi unavyoshika maji, hasa wakati wa mvua ndefu za Machi hadi Mei. Inua sakafu ya banda juu ya usawa wa uwanja. Tandaza maganda makavu ya mpunga, ambayo huku kwetu hayapatikani kwa shida kwa vile Ahero panapolimwa mpunga ni jirani, na popote yanapolowa yatoe siku hiyo hiyo.

Wageni nao huweza kuleta kideri, ugonjwa unaofagia boma zima. Watenge majuma matatu, mbali na wengine, na vyombo vyao vya maji na chakula. Hudumia wenyeji kwanza, wageni mwisho, kisha unawe mikono na kubadilisha viatu. Muulize muuzaji ni chanjo gani zimetolewa na lini; jibu la “wamechanjwa tayari” halitoshi. Kifaranga anahitaji chanjo ya kideri na ya Gumboro katika majuma yake ya mwanzo, na kuku wako wakubwa nao warudiwe ya kideri kila baada ya miezi michache. Chupa ya chanjo huwa na dozi nyingi kuliko kuku wa boma moja, kwa hiyo chang’eni pesa na majirani, mchanje siku moja. Boma la jirani likiwa salama, lako pia linapata afueni.

Watu huuliza wachanganywe wakiwa na umri gani. Majuma manane ni mapema kwa wengi. Kumi hadi kumi na mawili ni afadhali. Mimi huangalia mwili kuliko kalenda: manyoya yawe yameota kote, na kimo kikaribie cha mitetea wako. Kifaranga wa kienyeji halisi hukua polepole kuliko wa aina ya Kuroiler, kwa hiyo wa kienyeji mpe muda zaidi.

Majuma matatu yakiisha, gawa banda kwa waya wa kuku, wageni upande mmoja na wenyeji upande wa pili, waonane bila kugusana kwa juma moja au mawili, au zaidi ikiwa bado hawajafikia kimo hicho. Weka vyombo vya chakula karibu na waya, pande zote mbili, wazoee kula wakitazamana. Hatua hii ndiyo yenye kazi kubwa, na ndiyo watu wengi huiruka. Siku ya kuwafungulia, wakutanishe nje uani asubuhi, wewe ukiwepo. Wako wanaowaingiza usiku kimyakimya; tatizo ni kwamba kunakucha wakiwa wamefungiwa pamoja, na aliyezidiwa hana pa kukimbilia. Acha tundu dogo kwenye waya, linalompitisha kifaranga na kumzuia kuku mkubwa. Ongeza chombo cha pili cha maji na cha chakula, ning’iniza sukuma wiki midomo ipate shughuli, na usimwingize mgeni mmoja peke yake. Kudonwa kidogo ni kawaida. Damu ikitoka, mtoe aliyejeruhiwa mara moja, kwani wekundu huwavuta wengine wazidi kumdona.

Chakula cha kuku wa mayai kina chokaa nyingi mno kwa kifaranga na huharibu figo zake. Kwa hiyo wakishachanganywa, wote wapewe growers mash kwa muda, na mitetea wawekewe kando maganda ya mayai yaliyochemshwa na kusagwa.

Ikiwa mtetea wako mwenyewe ameangua, mengi ya haya atakufanyia yeye. Wenzake watamwogopa, na vifaranga watajifunza mipaka wakiwa nyuma yake. Kazi yako ni kuwafunika kwa tenga siku za mwanzo, mwewe wasiwabebe.

Kila kuku mkubwa anahitaji angalau futi mbili za mraba ndani ya banda, na penye msongamano udonaji hauishi. Pima banda lako leo. Likiwa limejaa, lipanue kabla ya kuongeza kifaranga hata mmoja.